Rumba ya Skelby na Hatua ya Ishirini na Tatu

Skelby Bridge, Yorkshire
18 Oktoba 1954

Kwa Katibu, Kamati ya Dansi za Barafuni, London

Bibi Katibu,

Hii ni mara ya tatu naleta rumba ile ile. Mara ya kwanza mliirudisha kwa kuwa mchoro ulikuwa wa penseli. Mara ya pili nikachora kwa wino, mkairudisha kwa kuwa karatasi ina doa la mafuta. Lile lilikuwa doa la pai ya nyama, na lilikuwa pembeni kabisa, inchi mbili na robo kutoka kwenye hatua iliyo karibu nalo. Nilipima. Safari hii nimechora kwa wino, kwenye karatasi safi, na nimekula kwanza.

Kwa kuwa hamnijui, nijieleze. Mimi ni fundi bomba na boila. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Uwanja wa barafu wa hapa niliujenga mwenyewe mwaka 1947 ndani ya banda la zamani la tramu, kwa mabomba ya kiwanda cha sufu kilichofungwa, na hesabu zote nilipiga mwenyewe. Hakuna bwana mkubwa aliyenishika mkono. Nasema hivi kwa sababu dansi zote zilizomo katika kitabu chenu cha kanuni zimetungwa na watu wa London, na sidhani kuwa miguu ya London ina mifupa tofauti na yetu.

Dansi inaitwa Rumba ya Skelby. Ina mapigo 176 kwa dakika, kama kitabu chenu kinavyotaka. Hatua ni 38, mapigo ni 64, na mapigo hayo 64 yanamaliza mzunguko mmoja wa uwanja kwa sekunde ishirini na moja na nukta nane. Nimeambatanisha mchoro na santuri.

Ninacheza na Bi. Zillah Sugden, mjane, mwenye duka la matumbo karibu na kiwanda cha gesi. Tumecheza pamoja misimu saba. Baada ya Pasaka anahamia Morecambe kwa dada yake mwenye nyumba ya wageni, kwa hiyo suala la "jaribu tena mwakani" halipo. Rumba hii iingie kitabuni msimu huu au isiingie kabisa. Naomba mara hii muitazame dansi, muiache karatasi.

Wako,
Enoch Barraclough


London
29 Oktoba 1954

Bwana Barraclough,

Kamati inakushukuru kwa karatasi safi.

Imenipasa kukujulisha mambo mawili. Kwanza, santuri yako ilipopigwa hapa ofisini tulihesabu mapigo 171 kwa dakika, si 176. Dansi yenye mapigo 171 si rumba kwa mujibu wa kanuni, na Kamati haijui ni nini.

Pili, mchoro wako unaonyesha kuwa katika hatua ya 23 mwanamume na mwanamke wanaachana mikono, kila mmoja anakwenda upande wake, na wanashikana tena baada ya mapigo manne. Kanuni ya Sita inaruhusu wachezaji kuachana kwa ajili ya kubadili mshiko tu, na kwa mapigo yasiyozidi mawili. Ninyi hambadili mshiko. Mnashikana kama mlivyokuwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Wanakamati wameitazama sehemu hiyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyeweza kueleza ina kazi gani.

Tunasubiri maelezo yako.

Constance Verrall
Katibu


Skelby Bridge
3 Novemba 1954

Bi. Verrall,

Gramafoni yenu ni mbovu.

Sisemi hivyo kwa hasira. Nilichukua santuri ya pili, ndugu ya ile niliyowaletea, nikaizungusha mjini. Kwangu, mapigo 176. Kwenye duka la ushirika, 176. Kanisani, 177, lakini mchungaji wetu ni mtu wa haraka hata katika mazishi. Gramafoni tatu za Yorkshire zinakubaliana, moja ya London inabisha. Itieni mafuta kwenye mota, na mkanda wake ukiwa umelegea, nileteeni namba ya modeli nitawatumia mwingine bure.

Kuhusu hatua ya 23. Kule kuachana ndiko utamu wenyewe wa dansi. Mtu anacheza amekumbatiwa tangu pigo la kwanza, kisha ghafla yuko peke yake, kisha hayuko peke yake. Mapigo manne ni sekunde moja na nukta thelathini na sita. Kanuni yenu inaruhusu nukta sitini na nane. Kwa hiyo tunagombana juu ya nukta sitini na nane za sekunde, muda ambao hautoshi hata kupiga chafya.

Kama wasiwasi wenu ni adabu, ondoeni shaka. Mchungaji mwenyewe alikuja kututazama, maana alisikia kuwa rumba ni ya viuno. Alikaa na kofia magotini mizunguko sita. Mwishoni aliuliza viuno vinakuja lini. Bi. Sugden alimwambia kuwa huku kwetu mwezi wa Novemba viuno viko chini ya sufu tatu na havitegemewi mpaka Mei. Aliondoka kama mtu aliyepunjwa.

Enoch Barraclough


London
24 Novemba 1954

Bwana Barraclough,

Mota ya gramafoni imetiwa mafuta. Sasa tunapata 176. Kamati haina la kuongeza juu ya hilo.

Juzi dansi yako ilijaribiwa uwanjani na jozi yetu, Bwana Lascelles na Bi. Orme, ambao wamewahi kujaribu dansi nyingi za kigeni bila kuumia. Mpaka hatua ya 22 walisema ni dansi nzuri, ya kasi, yenye mantiki. Kwenye hatua ya 23 Bwana Lascelles alikwenda kulia na Bi. Orme kushoto, kama mchoro unavyotaka, na kwenye hatua ya 26 walikuwa futi tisa mbali mmoja na mwenzake. Walikutana tena karibu na kaunta ya chai. Katika jaribio la pili Bwana Lascelles alinyoosha mkono kwa wakati sahihi na akaushika mkono wa bibi mmoja aliyekuwa ukingoni akisubiri zamu yake. Walimaliza mzunguko pamoja. Kamati haikuweza kutoa alama.

Mwanakamati mmoja, ambaye kwa kazi yake ni mhandisi, ameuliza swali, nami nalileta kama alivyolisema: "Huko kwao, pale mahali, pana kitu?"

Constance Verrall


Skelby Bridge
26 Novemba 1954

Bi. Verrall,

Mwambie mhandisi wako kuwa pale mahali pana barafu. Bwana Lascelles amekwenda kwa mkunjo mpana mno. Mkunjo ni wa futi nne, na niliuandika.

E. Barraclough


Skelby Bridge
5 Desemba 1954

Mpendwa Bi. Verrall,

Hunijui, lakini zile hatua zote zilizoandikwa "mwanamke" ni mimi. Naandika huku Enoch hajui, na nakuomba asijue. Barua yako aliisoma dukani kwangu kwa sauti, mbele ya wateja, na alipofika kwa yule bibi wa ukingoni watu walicheka mpaka mmoja akasahau chenji yake. Enoch hakucheka.

Bi. Verrall, pale mahali pana nguzo.

Ni ya chuma, nene kama mimi, na mimi si mwembamba. Imesimama ndani ya barafu, futi nne kutoka ukingo wa upande wa mtoni. Alipokuwa akijenga, boriti moja ya paa iliwekwa, watu wakasikia anapiga nyundo, kisha kimya, kisha akafukuza mafundi wote waende nyumbani. Kesho yake asubuhi nguzo ilikuwepo. Sijui alikosea nini, na hapa Skelby hakuna anayejua. Tunachojua ni kwamba mtu huyu alisimama mbele ya baraza la mji akawaambia kuwa hesabu zake hazijawahi kukosea, na baraza likampa banda. Basi hakuna aliyeitaja nguzo ile mbele yake. Miaka saba. Watoto wa hapa wanafundishwa kufunga kamba za viatu, kuanguka wakiwa wamekunja vidole, na kutosema nguzo. Mimi mwenyewe niliishonea godoro la magunia na kuifunga mpaka usawa wa kichwa, na siku nilipoifunga Enoch alipita akaniambia hali ya hewa ni nzuri.

Kati ya nguzo na ukingo kuna nafasi ya kupita mtu mmoja. Mkipita wote wawili upande wa ndani, mnawaparamia wanaojifunza, ambao siku zote wamelala pale. Kwa hiyo tangu msimu wa kwanza yeye anapita huku, mimi napita kule, halafu tunashikana. Alipotunga rumba aliitunga juu ya barafu hiyo, na nakuapia, nadhani sasa anaamini kwamba kule kuachana alikubuni kichwani.

Nitakwambia na jingine, kwa kuwa wewe ni mwanamke na uko mbali. Katika mapigo yale manne simwoni. Naona godoro langu la magunia tu. Kisha mkono wake unatokea upande wa pili, umeshafunguka, unanisubiri, na haujawahi kuchelewa hata mara moja. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa akichelewa.

Dada yangu anataka jibu la Morecambe kabla ya Pasaka. Nimemwambia nitakuja, kwa sababu mwanamke wa miaka hamsini na mmoja hawezi kuendelea kungoja mtu amalize kupiga hesabu. Lakini kama rumba itaingia kitabuni, angalau nitaondoka nikijua kuna kitu tulikifanya. Tafadhali msiikatae kwa sababu ya nguzo.

Wako kwa heshima,
Zillah Sugden

Nakuletea matumbo kidogo ndani ya karatasi ya nta. Uyale siku hiyo hiyo yatakapofika.


London
14 Desemba 1954

Mpendwa Bi. Sugden,

Siri yako iko salama. Matumbo yalifika siku ya tatu.

Kanuni ni kanuni, na sitaweza kuikunja. Dansi yoyote inayoingia kitabuni lazima ichezeke kwenye uwanja wowote, na Kanuni ya Sita haitaji nguzo. Lakini mtunzi ana haki ya kuicheza dansi yake mwenyewe mbele ya Kamati kabla haijakataliwa, haki ambayo wengi hawaijui, kwa sababu hatupendi kuwaambia. Nitamwandikia Bwana Barraclough kuwaita nyote wawili London Jumamosi tarehe 12 Machi. Uwanja wetu ni mtupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Mtakalofanya kwenye hatua ya 23 ni juu yenu. Siwezi kukushauri. Ninachoweza kusema ni kwamba Kamati huandika inachokiona.

Constance Verrall


Skelby Bridge
15 Machi 1955

Bi. Verrall,

Naandika kudai jaribio la pili.

Mlichokiona Jumamosi si dansi niliyowaletea. Mpaka hatua ya 22 tulikuwa sawasawa, mapigo yote mahali pake, nilikuwa nahesabu. Kwenye ya 23 nilifungua mkono kama ilivyoandikwa. Wa Bi. Sugden haukufunguka. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Achia, Zillah." Akaniambia, huku akiwatabasamia majaji, "Sioni sababu."

Sasa fikiria mtu aliyezoea kwenda kulia kwa misimu saba, anavutwa kwenda mbele. Miguu yangu haikuwa na hatua. Mapigo manne mazima sikucheza kitu, nilitembea tu na yule mama kama watu wanaokwenda posta. Kwenye ya 27 nikairudia dansi, lakini uharibifu ulikuwa umeshatokea, na bibi yule mwenye kofia ya manyoya kwenye meza ya majaji aliandika jambo, nilimwona.

Kwenye treni nilimuuliza Bi. Sugden kwa nini aliniaibisha. Alisema miguu inamuuma. Kisha akala mkate wake wa samaki na kulala kutoka Peterborough mpaka Doncaster, kichwa chake begani mwangu, nikashindwa hata kutoa daftari mfukoni kufanya hesabu ya tulipokosea.

Kwa hiyo nimeifanya nyumbani. Bi. Verrall, mimi si mwongo, na mhandisi wenu aliuliza swali la haki. Pale mahali pana nguzo. Banda lina upana wa futi hamsini na nne. Mwaka 1947 niliandika hamsini, na boriti ikakatwa hamsini. Wakati ule chuma cha boriti mpya hakikuwa kikipatikana, wala ujasiri wa kurudi kwenye baraza. Nilisimamisha nguzo chini ya ncha yake, nikangoja mtu aniseme. Hakuna aliyesema. Kwa miaka saba nilidhani hawajaigundua.

Niliyagundua mengine nikiwa juu ya barafu yenu, nilipotazama kulia kwangu na nikakuta hakuna cha kukwepa. Sipendi kuyagundulia mambo London.

Hata hivyo dansi niliyotunga ina kuachana, na naitaka ihukumiwe hivyo. Bi. Sugden anaondoka tarehe 18 Aprili. Kuna Jumamosi tano katikati.

Enoch Barraclough


London
5 Aprili 1955

Bwana Barraclough,

Jaribio la pili limekataliwa, kwa sababu halihitajiki. Kamati ilipiga kura jana. Rumba ya Skelby imekubaliwa, kura sita kwa mbili, na itakuwa miongoni mwa dansi za mtihani msimu ujao.

Imekubaliwa kama ilivyochezwa tarehe 12 Machi. Mshiko hauachwi. Najua utalalamika, kwa hiyo nakupa maneno ya bibi mwenye kofia ya manyoya, ambaye huwa hampi mtu alama nzuri: alisema dansi nyingi zinazoletwa kwake zimejaa hatua kama sanduku la mtu asiyejua kusafiri, na kwamba pale mlipotembea tu ndipo alipoweka kalamu chini akatazama. Kitabuni, hatua za 23 hadi 26 zitaandikwa hivi: "Wanatembea pamoja, bila haraka." Mhandisi ameomba niongeze kwamba futi nne si kitu, na kwamba yeye aliwahi kukosea futi kumi na moja kwenye daraja. Hakusema daraja gani.

Nimeambatanisha ukurasa wa kuhakikiwa. Utie sahihi na kuurudisha ufike hapa kabla ya tarehe 16. Kitabu kinatoka tarehe 29 Aprili.

Mchapaji ana swali moja. Barua zako zote zinamtaja mwenzako kuwa Bi. Zillah Sugden. Fomu ya watunzi, ambayo yeye mwenyewe aliijaza hapa London wakati wewe ukibishana na mtu wa gramafoni, inasema Bi. Zillah Barraclough. Tumepanga herufi kwa kufuata fomu. Ipi ni sahihi?

Constance Verrall
Katibu


Skelby Bridge
12 Aprili 1955

Bi. Verrall,

Nimepokea ukurasa. Hatua ya 31 mmeandika mguu wa kushoto, ni wa kulia. Rekebisheni.

Kuhusu jina. Niliupeleka ukurasa dukani Jumamosi, maana nilidhani mchapaji wenu amelewa. Kulikuwa na wateja wanne kwenye foleni. Nikamwambia, "Zillah, hapa wamekosea." Akavaa miwani, akasoma ukurasa mzima, pamoja na mapigo, akaurudisha. Akasema hawajakosea, ni mwandiko wake.

Nikasema mimi sikuulizwa. Akapima ratili mbili za mtu wa mbele, akafunga karatasi, ndipo akanijibu.

"Na wewe hujauliza, Enoch. Misimu saba. Nilichoka kukungoja upande wa pili."

Nilimweleza kuwa nilikuwa na mpango. Nilikuwa nangoja dansi iingie kitabuni kwanza, ndipo niwe na kitu cha kumwekea mtu mezani zaidi ya mabomba, na nilikuwa nimeshapanga kuzungumza naye tarehe 17, siku moja kabla ya treni yake. Mteja wa tatu, ambaye sikumuuliza, alisema hiyo ilikuwa hesabu ya kukata karibu mno, hata kwa mtu wa boriti. Boriti na nguzo yake havikuwa vimetajwa mbele yangu kwa miaka saba, na sasa neno lilikuwa limetoka. Nikawaambia ndiyo, niliikata fupi, na walio na la kusema waseme leo. Walikuwa na mengi. Nilisimama pale dakika arobaini. Dada wa Morecambe ameshapigiwa simu, na amekasirika, kwa kuwa alishanunua kitanda.

Sasa kuna tatizo ambalo Kamati lazima ilishughulikie. Nimekwenda kwa msajili wa ndoa asubuhi hii, ofisi ilipofunguliwa baada ya Pasaka. Anataka siku ishirini na moja kamili za tangazo. Siku ya kwanza tunayoweza kufunga ndoa ni Jumatano tarehe 4 Mei, ambayo ni nzuri kwa kuwa maduka ya hapa yanafungwa mchana. Kitabu chenu kinatoka tarehe 29 Aprili. Kwa hiyo kwa siku tano kamili kitabu cha kanuni kitakuwa na jina la mtu asiyekuwepo, na chini yake sahihi yangu.

Naomba kicheleweshwe siku tano. Zillah anasema niwaache mchape.

Enoch Barraclough